Jina Lililochomekwa

Miaka kumi na tisa mimi ni karani wa ardhi hapa Masaka,
chumba cha nyuma, rejista zilizoliwa pembe na mende.
Waghushi nawajua kwa mwandiko:
herufi zao zina haraka, wino wao bado unanuka.
Mmoja alileta hati ya ekari nane za Bukakata,
jina lake limekaa katikati ya marehemu wawili
kama mtu aliyeketi kwenye matanga asiyoalikwa.

Kwa hiyo daktari Nabukalu aliponichorea seli yangu
nyuma ya fomu ya maabara,
sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kirusi, alisema, hakina kitabu chake.
Huja na karatasi moja, tena ya muda.
Hupapasa mlango wa seli ya ulinzi,
kitasa cha kwanza, kitasa cha pili,
kikiisha kuingia, kimeng'enya chake huketi kunakili:
karatasi ya muda inageuzwa hati ya kudumu,
kinyumenyume, kwa pupa, herufi zikikosewa,
na makosa hayo ndiyo yanayokificha,
maana askari wanaulizia jina la jana.
Kisha nakala huchomekwa ndani ya rejista yenyewe,
kati ya mistari niliyorithi kwa mama, Kyotera,
na ile ya baba, fundi wa magari ya jeshi
aliyetufundisha Kiswahili hiki kwa kutukana injini.

Nikamwambia: basi huyu si mwizi.
Mwizi huondoka.
Huyu ana hati.

Akacheka. Kisha hakucheka.

Kidonge cha saa tatu usiku humzuia mvamizi kujenga,
asichimbe msingi, asiite nduguze.
Kipimo kinasema haonekani.
Lakini zipo seli zilizolala, taa imezimwa,
na kwenye kitabu cha kila moja jina lake lipo.
Nilipomzika Ssemwezi niliacha dawa wiki sita,
kwa hasira tu ya kumeza peke yangu.
Walirudi wote,
na matofali.

Sasa wanajaribu mkasi, alisema,
mkasi ulioazimwa kwa bakteria,
unaopewa jina, ukapita mstari kwa mstari
mpaka ulione, ukate.
Wengine wanataka kung'oa kile kitasa cha pili:
wapo watu waliozaliwa bila hicho, wanaishi, wanagombana na majirani.

Nikauliza swali la karani.
Mkikata mstari usio wake?
Mkimfuta bibi yangu?
"Ndiyo maana tunakwenda polepole."
Vitabu ni vingapi?
"Havihesabiki. Na hatujui viko rafu gani."
Na bei?
Akatazama dirishani, benchi la wanawake,
kadi zao ndani ya mifuko ya plastiki,
mmoja akimenya njugu kwa ajili ya mtoto wa mwenzake.
Hakujibu, nami sikurudia.

Nikatoa mkono. Mirija minane.
Wakaiandika namba badala ya jina,
na mimi, ambaye kazi yangu ni majina,
niliona raha kuwa namba.

Ile hati ya Bukakata ilifutwa mwaka jana
baada ya kesi ya miaka kumi na mmoja.
Mstari mwekundu niliupiga mwenyewe, kwa rula,
nikibana pumzi nisimguse marehemu wa juu.
Ukiuinamisha ukurasa kwenye mwanga
jina la mghushi bado linasomeka.
Hajengi tena. Linasomeka.

Saa tatu simu inalia juu ya kabati.
Nalweyiso, binti yangu, ambaye kwenye kitabu chake hakuna aliyejichomeka,
ananiletea maji katika kikombe kisicho na mkono.
"Dakika nne umechelewa," ananiambia,
anasimama hapo hapo mlangoni
mpaka asikie nimemeza.